UGA, bibi na mbuzi anayekohoa

Ijumaa ile umeme ulirudi saa kumi jioni, jeli yetu, ile inayotenganisha protini kwa ukubwa, ikiwa imeshasafishika rangi. Niliiweka juu ya taa nikaanza kufuata mistari ya buluu, kutoka juu kwenda chini. Protini tuliyoisubiri ilipaswa kukaa karibu na 40 kwa kilodaltoni, kipimo cha ukubwa wa protini. Pale palikuwa peupe. Chini kabisa, karibu na 17, kulikuwa na mstari mnene umejitanua kama mgeni asiyealikwa aliyewahi meza ya mbele.

Kipande. Tena.

Ilikuwa mara ya tatu. Tulikuwa tumechukua jeni moja ya kimelea wa homa ya mapafu ya mbuzi, tukaiingiza kwenye plasmidi, yaani pete ndogo ya DNA, plasmidi tukaiingiza kwa bakteria E. coli, tukamwomba atutengenezee protini ya kujaribia kipimo cha damu. E. coli hakugoma. Alitengeneza kwa moyo wote, ila kila mara aliishia njiani, mahali palepale.

Kwa wiki tatu tulilaumu kila kitu chenye waya. Friza iliyozimika usiku. Inkubeta inayosema 37 huku ikiwa na yake moyoni. Mimi nilishikilia kwamba kuna vimeng'enya vinaitafuna protini ikishatoka, na nikaagiza dawa ya kuvizuia, kwa bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu bosi anasoma blogu hii.

Jumatatu yake, mwanafunzi wetu wa fildi alinijia na kompyuta mkononi.

"Dada, samahani. Nadhani kloni yetu imeharibika. Nimeitafsiri, ina nyota sita katikati."

Kloni ni nakala ya jeni tuliyoipandikiza, na kuitafsiri ni kuiachia programu isome herufi zake tatu tatu, ikifuata jedwali la maana ya kila tatu. Nyota kwenye programu ile maana yake ni kituo: hapa protini inakatika. Niliangalia, nikatabasamu tabasamu la mkubwa. "Haijaharibika. Umetumia jedwali namba 11, la bakteria wa kawaida. Huyu ni mikoplasma. Weka jedwali namba 4."

Akaweka. Nyota zote sita zikageuka kuwa W, yaani triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Akafurahi.

Kisha akauliza, bila ubaya wowote: "Na E. coli anatumia jedwali namba ngapi?"

## Nilijua

Hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Si kwamba sikujua. Nilijua tangu chuo. Nilishajibu swali hili kwenye mtihani na nikapata alama zote: katika mikoplasma, kodoni (herufi tatu zinazosomwa pamoja) UGA haimaanishi "simama", inamaanisha "weka triptofani". Niliandika vizuri, kwa mwandiko uliolala. Halafu miaka mingi baadaye nikaichukua jeni yenye UGA sita nikampa bakteria ambaye kila UGA kwake ni mwisho wa safari.

Sikuwahi kuitafsiri DNA ile mwenyewe. Nilikuwa na mfuatano wa protini kutoka kwenye hifadhidata, tayari umeshasomwa kwa jedwali sahihi, W zote mahali pake. Niliamini maandishi yana maana yake ndani yake, kwamba ukiyahamisha kutoka kwa kiumbe mmoja kwenda kwa mwingine, maana inahama nayo kama mtoto mgongoni.

Mwenzetu mmoja wa upande wa Kenya aliwahi kuaga ofisini kwa furaha: "Mimi natoka mapema, nampeleka bibi akajifungue." Chumba kizima kikanyamaza. Sisi wa huku bibi ni mama yake mama au mama yake baba. Kwake bibi ni mke. Neno ni lile, herufi ni zile, wasomaji ni tofauti.

Sisi tulishtuka, tukacheka, tukasahihisha. E. coli hana nafasi hiyo. Akifika UGA, inakuja protini moja inayoitwa RF2, inakata mnyororo na kuuachia. Hakuna wa kuuliza "ulimaanisha nani?"

Swali langu likawa hili: ndani ya mikoplasma, hayo maelewano kwamba bibi ni mke yameandikwa wapi?

## Herufi zisizozidi mia

Yameandikwa kwenye jeni ya tRNA, molekuli ndogo inayosoma kodoni na kuleta asidi amino yake. Jeni hiyo ni fupi kiasi cha kuchekesha. Jeni yetu iliyotusumbua ilikuwa na herufi zaidi ya elfu moja. Jeni ya tRNA huwa na sabini na kitu.

Ushahidi ulitoka Nagoya, Japani. Fumiaki Yamao, Akira Muto, Syozo Osawa na wenzao walikuwa wakisoma jeni za protini za ribosomu (mashine ya seli inayotengeneza protini) za Mycoplasma capricolum, wakaona UGA zinatokeza katikati ya jeni. Si mahali popote tu. Zilikuwa pale ambapo protini zilezile za E. coli, S3 na L16, zina triptofani. Hiyo ilikuwa dalili. Dalili peke yake haifungi kesi, kwani huenda jeni yenyewe ni mbovu, au msomaji wa mfuatano amekosea. Kilichofunga kesi ni kuipata jeni ya tRNA ya triptofani pamoja na tRNA yenyewe, na kukuta antikodoni yake, yaani herufi tatu zinazoshika kodoni, ni UCA, ambayo inajibana sawasawa na UGA. Walichapisha mwaka 1985.

Mwaka 1993 kikaongezwa kipande kingine: ukichukua utomvu wa seli za M. capricolum ukaupa UGA, hakuna kinachokuja kuachia mnyororo. Yaani msomaji mpya alishakaa kitini na yule mlinzi wa kusimamisha hayupo.

Huyu capricolum ni wa kwetu pia, kwa njia ya ndugu yake. Kimelea wa homa ya mapafu ya mbuzi, yule anayemfanya mbuzi anyooshe shingo na kukohoa mpaka magoti yalegee, alitengwa mara ya kwanza nchini Kenya na kuelezwa mwaka 1976, kwa jina la F38. Mwaka 1993 akapewa jina rasmi, Mycoplasma capricolum subsp. capripneumoniae. Kwa hiyo maswali haya ya Nagoya yanalala kila usiku kwenye mazizi ya watu ninaowajua.

(Na ndiyo, UGA ni Uganda pia. Tangu wiki ile kila nikimwona mkimbiaji Joshua Cheptegei na UGA kifuani nasoma "simama", naye ndiyo kwanza anaongeza mwendo.)

## Kuvua kwa chambo

Nilianza kusoma jinsi jeni hizi zilivyopatikana zamani, kabla kompyuta hazijatufanyia kila kitu, na hapo ndipo wiki zangu zikapotelea.

tRNA ya kwanza kabisa kusomwa herufi zake zote ilikuwa ya hamira. Robert Holley na kikundi chake walianza na kilo 140 za hamira ya mikate ili wapate gramu moja ya tRNA ya alanini iliyo safi. Mwaka 1965 wakatoa mfuatano mzima. Kilo 140! Mama lishe wa mtaani kwetu anapikia maandazi mwaka mzima na bado anabakiwa na akiba.

Hiyo ilikuwa tRNA, si jeni. Kuipata jeni ni kazi nyingine, na watu waliianza hata kabla mkasi na gundi za DNA hazijawa vitu vya kununua. Kuna virusi wa bakteria aitwaye phi 80 ambaye wakati mwingine, akitoka kwenye kromosomu ya E. coli, huondoka na kipande cha mwenyeji wake. Walipatikana phi 80 waliobeba jeni ya tRNA ya tirosini iitwayo su3. Virusi akizaliana ndani ya seli, jeni ile nayo inaongezeka, na tRNA yake inafurika. Hiyo ni kloni, hata kama aliyeitengeneza ni virusi. Mwaka 1968 Goodman, Abelson, Landy, Brenner na Smith waliitumia kuonyesha kwamba su3 inasoma kituo cha UAG kama tirosini kwa sababu herufi moja ya antikodoni imebadilika: GUA imekuwa CUA.

Baadaye zikaja plasmidi, na uvuvi ukawa wa kawaida. Unakata DNA ya bakteria vipande, unavichomeka kwenye plasmidi, unapandikiza kwa E. coli, unapata makoloni mengi kwenye sahani. Kisha unachukua tRNA, unaitia alama ya fosforasi yenye mionzi, na hiyo ndiyo chambo. tRNA itaikumbatia DNA iliyoizaa. Unaweka filamu ya eksirei juu, unasubiri, na panapotokea doa jeusi ndipo samaki alipo.

Kwenye maandishi inaonekana rahisi. Fikiria lakini: E. coli aliyebeba kipande chako ana jeni 86 za tRNA zake mwenyewe. Chambo chako kinaweza kumshika mwenyeji badala ya mgeni. Ndani ya kundi lenyewe tRNA zinafanana kama watoto wa mama mmoja, na chambo kichafu kidogo kinakuletea jeni ya jirani. Na ukishaipata, huenda jeni tano zimepangana mkia kwa kichwa kwenye kipande kimoja, au imejificha katikati ya jeni za RNA ya ribosomu, kama zilivyo kadhaa za E. coli.

Kilichonivutia ni kwamba mvuvi wa namna hii analazimika kuanza na tRNA yenyewe. Ameishika. Ameipa asidi amino na kuona ipi inapanda. Anapoifikia jeni, jina ameshalijua.

Sisi tunaanzia upande wa pili.

## Herufi tatu hazitoshi

Siku hizi unaichukua jenomu nzima, yaani DNA yote ya kiumbe, unaipa programu. Iliyo maarufu zaidi ni tRNAscan-SE, ya Todd Lowe na Sean Eddy, ya mwaka 1997, na katika kutafuta haina mpinzani wa maana: waandishi wake walikadiria chini ya kosa moja kwa herufi bilioni 15. Inatafuta umbo. tRNA hujikunja kama jani lenye kikonyo na ndewe tatu. Kikonyo ni jozi saba za herufi, ndewe ya katikati ina kitanzi cha herufi saba, na katikati ya kitanzi hicho zimekaa zile tatu za antikodoni. Ukishaziona hizo tatu unaangalia jedwali na kuandika jina.

Hiyo hatua ya mwisho ndiyo iliyonikalia vibaya. Mwanzoni sikuwa na sababu ya kuitilia shaka. Kisha nikakutana na mambo matatu, na kila moja lilinibomolea ukuta mmoja.

La kwanza ni CAT (jeni huandika T pale ambapo RNA huandika U). Ndani ya E. coli kuna aina tatu za tRNA ambazo jeni zake zina antikodoni CAT. Moja huanzisha protini, moja huweka methionini katikati ya protini, na ya tatu haina uhusiano wowote na methionini. Ile C yake, baada ya tRNA kutengenezwa, hubandikwa asidi amino ya lisini na kugeuka kuwa kitu kiitwacho lisidini. Baada ya hapo haisomi tena AUG, inasoma AUA, na inabeba isolusini. Jambo hili lilijulikana mwaka 1988. Soma jeni mara elfu: imeandikwa methionini. Toleo jipya la programu limefundishwa kuitambua, lakini limefundishwa kwa sababu kuna mtu aliishika tRNA ile mkononi.

La pili ni UCA, ileile ya mikoplasma. E. coli naye ana tRNA yenye antikodoni UCA! Jeni yake inaitwa selC, ina herufi 95, ndefu kuliko zote alizonazo, na kazi yake ni kuweka selenosisteini, asidi amino adimu, kwenye UGA chache maalumu. Ilipatikana kwa kuzungukia. Kikundi cha August Böck huko München kilikuwa na bakteria walioshindwa kutengeneza kimeng'enya kinachovunja fomati. Wakatafuta kipande cha DNA kinachowaponya wagonjwa wale, wakakiklonisha, wakakisoma. Mtu angetarajia kukuta jeni ya protini fulani. Waliyokuta ni jeni ya tRNA, na tRNA yenyewe kwanza inapakiwa serini, kisha serini inageuzwa kuwa selenosisteini ikiwa bado mgongoni mwake.

Antikodoni moja, wabebaji wawili, mizigo miwili. Herufi tatu hazisemi.

La tatu ndilo lililonifanya niweke chai chini ikapoa. Mwaka 1971 David Hirsh alichunguza E. coli aliyebadilika akaweza kuruka kituo cha UGA na kuweka triptofani, kama mikoplasma mdogo asiye kamili. Baada ya hadithi ya su3 kila mtu angekwenda moja kwa moja kwenye antikodoni. Antikodoni haikuguswa. Ilikuwa CCA, kama kawaida yake. Kilichobadilika ni herufi moja, ya 24, G kuwa A, kwenye ndewe nyingine kabisa ya jani.

Herufi iliyo mbali na mdomo ikabadilisha kinachosomwa na mdomo.

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Nilikuwa nimemwambia mwanafunzi kwamba jibu la swali lake ni rahisi, tofauti ya mikoplasma na E. coli ni antikodoni moja. Nilipaswa kumrudia. Nilimrudia Alhamisi, wakati wa chai, nikamwambia: lile jibu nililokupa lina mashimo. Akaniambia, "Nilijua tu, Dada, ulilijibu haraka mno."

## Nani anaipa tRNA jina?

Ukiwauliza wanabiolojia watakwambia jina la tRNA linatolewa na kimeng'enya kinachoipakia asidi amino. Kila asidi amino ina chake, na kila kimeng'enya kina alama zake kinazozitazama: chengine hupapasa antikodoni, kingine kikonyo, kingine vyote. Kile cha alanini ndani ya E. coli hakiangalii antikodoni hata kidogo. Kinatazama jozi moja ya G na U kwenye kikonyo, ya 3 na 70. Ibandike jozi hiyo kwa tRNA ya watu wengine na inaweza kuanza kubeba alanini. Ya-Ming Hou na Paul Schimmel walilionyesha mwaka 1988, mwaka uleule wa selC na lisidini. Sijui kilikuwa na nini mwaka ule.

Kwa hiyo jina halimo kwenye jeni peke yake. Limo kati ya jeni na anayeisoma, na msomaji huyo naye ametoka kwenye jeni nyingine, iliyosomwa na tRNA nyingine. Hapo kichwa changu kilianza kuzunguka, nikaenda nyumbani kusonga ugali.

Sisemi turudi kwenye kilo 140 za hamira. Programu ni nzuri na naitumia. Ninachokiona ni kwamba tumelegeza maana ya neno "kutambua". Mvuvi wa 1985 akisema ametambua jeni ya tRNA ya triptofani alikuwa ameishika tRNA yenyewe. Mimi nikisema hivyo leo, maana yake nimeona umbo la jani na herufi tatu, nikaamini jedwali. Mara nyingi niko sawa. Lakini mara nyingi nilikuwa sawa pia kuhusu E. coli.

## Bomba kwenye friza

Jeni yetu tuliirekebisha. TGA zote sita tulizigeuza kuwa TGG, ambayo hata kwa E. coli ni triptofani, herufi moja moja. Mwanafunzi alipendekeza tumtumie E. coli wa aina ya Hirsh aruke vituo mwenyewe. Nilimkubalia ajaribu, akapata mstari mwembamba sana pale kwenye 40 na mnene uleule kwenye 17, yaani bakteria yule anaruka mara moja moja tu. Iliyorekebishwa ikatoka nzima. Nilipiga picha ile jeli nikaiweka kwenye simu, mahali ambapo wenzangu huweka watoto.

Kabla hajamaliza fildi, mwanafunzi aliomba afanye kitu kimoja zaidi. Alitaka kuitoa jeni ya tRNA yenye TCA kutoka kwa kimelea wetu wenyewe, yule tuliyemtoa kwenye pafu la mbuzi, si wa Nagoya. Kipande kilikuwa kidogo mno, kilikimbia karibu na mwisho wa jeli. Tukakiweka kwenye plasmidi, tukakipeleka kusomwa. Majibu yalikuja kwa barua pepe siku anafungasha: kikonyo jozi saba, kitanzi herufi saba, TCA katikati.

Akafungua daftari la kloni na kuandika tarehe, ukubwa, plasmidi. Alipofika safu ya jina la jeni alisimamisha kalamu, akaniangalia.

"Niandike triptofani?"

Tuliangaliana. Bomba liko kwenye friza, rafu ya pili. Limeandikwa kwa kalamu ya wino mweusi: tRNA, UCA, mbuzi. Safu ya jina bado ipo wazi, na nimeshaomba bei ya triptofani yenye mionzi.